Sikio la Mbwa Halikuumbwa Bure



Hapa kwetu, ukingoni mwa Lualaba, mbwa ni mwenzi wa mwindaji na mlinzi wa ua. Hata hivyo wako wanaomkata mtoto wa mbwa masikio kwa wembe, bila ganzi, wakisema kwamba atakuwa mkali au atasikia vizuri zaidi. Sisi twasema wazi: wembe hauongezi ukali wala usikivu, huongeza maumivu tu.

Tumtazame kiumbe mwenyewe. Sikio lake ni gegedu lililovikwa ngozi yenye mishipa mingi ya damu na ya fahamu. Hugeuka kuifuata sauti, hukinga tundu dhidi ya vumbi na wadudu, na huwaonyesha mbwa wengine kama mwenzao ana hofu, hasira au furaha. Anayelikata amempunguzia mbwa kinga yake na lugha yake.

Katika nchi za mbali masikio hukatwa kwa ajili ya sura, ili yasimame. Mganga wa mifugo akifanya kazi hiyo, humlaza mbwa usingizi kwa dawa, hushona kidonda, kisha masikio hufungwa kwa majuma mengi. Hata hivyo, Mkataba wa Ulaya wa mwaka 1987 wa kulinda wanyama wa nyumbani ulikataza ukataji huo usio wa tiba. Nao mbwa wa mawindo wa misitu ya Kongo, anayejulikana ulimwenguni kwa jina la Basenji, masikio yake husimama yenyewe. Basi kwa wembe twatafuta nini?

Wawindaji hujibu kwamba sikio hupasuliwa na miiba. Ni kweli, lakini dawa yake ni uangalizi: baada ya mawindo sikio litazamwe, kupe watolewe, mkwaruzo uoshwe. Naye aliyekwisha kukatwa asiachwe. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kidogo, na nzi wazuiwe. Kikitoa usaha, mganga wa mifugo atafutwe.

Kuhusu ukali, mbwa hulinda nyumba kwa sababu anawajua watu wake na kuwapenda. Aliyeumizwa na mikono ya watu huwaogopa watu, na mwenye hofu huweza kumng'ata hata mtoto wa nyumbani. Juhudi zetu na zielekee kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu hayana kupona. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kukawia.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, yafundisha kwamba kuwatesa wanyama pasipo sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Tuone vema: ni hadhi yetu sisi inayojeruhiwa. Na katika Kitabu cha Tobiti, Tobia alipoondoka pamoja na malaika Rafaeli, mbwa naye alifuatana nao njiani.

Mara nyingi ninyi vijana ndio mnaoitwa kumshika mtoto wa mbwa ili akatwe. Siku hiyo msibishane na mzee wala msimdharau. Mjibuni kwa adabu: «Baba, tumwache alivyo, sisi tutamtunza.» Kisha mumtunze kweli.