Moli, Mizani na Mfuko wa Mbolea

Wapo vijana wetu wa kidato cha tatu ambao huikata tamaa kemia pindi wanapofika katika mada ya moli. Hukariri 6.02 × 10²³ pasi na kujua kinachohesabiwa, kisha husema kwamba somo hili si la watoto wa Kisaki. Kauli hiyo hatuiafiki hata kidogo.

Moli ni idadi, kama ilivyo korija au dazeni. Ila atomi ni ndogo mno kuhesabika, basi hupimwa. Na mnunuzi wa ufuta, je, huhesabu punje? Huweka gunia juu ya mizani. Hidrojeni ina uzito wa 1, oksijeni 16. Maji, H₂O, yakawa 18. Gramu 18 za maji, yaani funda moja tu, ndiyo moli moja.

Tuutazame sasa mfuko wa urea. Fomula yake ni CO(NH₂)₂: kaboni 12, oksijeni 16, naitrojeni mbili 28, hidrojeni nne 4. Jumla ni 60. Ukigawa 28 kwa 60 wapata karibu asilimia 47, na mfukoni huandikwa 46. Hivyo kilo 50 za urea zina kilo 23 za naitrojeni, ilhali kilo 50 za SA, yenye asilimia 21, zina kilo 10 na nusu tu. Mkulima anayelinganisha bei za mifuko bila ya kujua hili hununua gizani. Na mwanafunzi wa madrasa aliyekwisha kutoa thumuni ya mjane na thuluthi mbili za mabinti katika mirathi, atashindwaje na uwiano huu?

Kikwazo kikubwa ni lugha. Mtoto husoma msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na moli kwa Kiingereza. Nasi tuliosoma kwa Kiarabu twajua uzito wa kubeba lugha na elimu kwa pamoja. Wapo wasemao kuwa mtihani ni wa Kiingereza, basi Kiswahili kitawapoteza. Ni kweli mtihani ni wa Kiingereza. Lakini aliyeelewa hujifunza jina la kitu upesi, na aliyekariri jina hubaki nalo hilo tu. Asiyefaulu kemia hufungiwa mlango wa chuo cha uuguzi na cha utabibu, na zahanati zetu zinawahitaji watu hao.

Tunapendekeza darasa la barazani baada ya Alasiri, kwa mizani ya dukani na mifuko mitupu ya mbolea, likisomeshwa na vijana wetu waliofaulu kemia. Wazazi wenye watoto wa kidato cha tatu, wa kiume na wa kike, wawaarifu maimamu wao kabla ya likizo ya Juni.