Kabla Hujabonyeza "Nakubali"

Ndugu yangu wa Chwele, na wewe dada, tuseme umepata ujumbe kwa simu: kuna dawa mpya ya sukari inajaribiwa, huhitaji kusafiri, daktari atakuona kwa video. Poa, si ndio? Kwenda Eldoret na kurudi ni siku nzima ya soko imepotea, bado nauli.

Mimi sipingi. Majaribio ya dawa yakikaa hospitali kubwa tu, sisi wa mbali tunaachwa nje, halafu dawa inatufikia bila kujaribiwa kwa watu kama sisi.

Na simu imeshatumika hapa Kenya. Mwaka 2007 utafiti wa WelTel ulianza kuandikisha watu walioanza dawa za HIV, 538 kwa jumla, kliniki za Nairobi na Kajiado. Kundi moja lilitumiwa SMS kila wiki: "Mambo?" Unajibu "Sawa" ama "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida, na hata aliyenyamaza, alipigiwa simu. Matokeo yalitoka 2010: asilimia 62 ya kundi hilo walisema wanameza dawa ipasavyo, wenzao asilimia 50.

Lakini angalia hilo neno "Mambo?" Halitaji ugonjwa. Simu ya kwenu inashikwa na nani? Kwetu ni moja: mama, shemeji, mtoto wa gemu. Ujumbe mmoja wa kizembe na siri yako iko sokoni.

Halafu usiku sukari ikishuka ghafla? Video haikutundikii dripu. Uliza ni kituo gani cha hapa karibu kitakupokea, na nani analipa. Ramadhani je? Daktari aliye mbali hajui unafunga mpaka umwambie. Mwambie kabla ya kuanza, usione haya.

Wengi tunabonyeza "Nakubali" bila kusoma, na hiyo si ridhaa. Itisha maelezo kwa Kiswahili, ama Kibukusu. Uliza kama Bodi ya Dawa na Sumu na kamati ya maadili zimeidhinisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumika vipi. Na unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.

Wakikukosea majibu, ama wakikuharakisha, usibonyeze. Piga screenshot, uende nayo kwa daktari unayemjua.