Ajali za vivuko vya reli zina kinga

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotugusa sisi wakazi wa Isaka, na wananchi wote wanaoishi kandokando ya reli. Jambo lenyewe ni ajali zinazotokea pale ambapo barabara hukatiza reli.

Kila ajali ya namna hii inapotokea, maelezo huwa ni yale yale. Husemwa kwamba chanzo ni uzembe wa dereva wa gari, marehemu huzikwa, majeruhi hupelekwa hospitali, na baada ya wiki mbili jambo hilo husahaulika mpaka litokee jingine. Mwezi Juni 2018 basi la abiria liligongana na treni katika eneo la Gungu, Kigoma, na watu wasiopungua 10 wakapoteza maisha. Mwezi Novemba 2023 basi jingine liligongana na kichwa cha treni huko Manyoni, Singida, na watu 13 wakafariki. Wenzetu wa Kenya nao walipata msiba wa aina hiyo mwezi Oktoba 2013, basi la abiria lilipogongwa na treni mtaa wa Mutindwa, jijini Nairobi. Tukiziangalia kwa pamoja ajali hizi, tunaona kwamba aina ile ile ya mahali huua mara kwa mara, na kwa hiyo hatuwezi kuziita bahati mbaya.

Sipingi kwamba wapo madereva wazembe. Wapo wanaoshindana na treni kama vile wako katika mashindano ya mbio, na wapo wenye redio inayopiga kelele kiasi kwamba hawawezi kusikia honi. Hao wachukuliwe hatua. Lakini ninachosema ni kwamba neno “uzembe” limekuwa blanketi la kufunika maswali mengine. Je, dereva yule angesimama na kutazama kama anavyotakiwa, angeweza kuiona treni kwa wakati?

Tufanye hesabu ndogo. Lori lenye tela lina urefu wa karibu mita 18. Ili liondoke pale liliposimama kabla ya reli na mkia wake utoke kabisa upande wa pili, linatakiwa kwenda kama mita 30. Likiwa na mzigo, na likienda kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, litahitaji sekunde 11, na zaidi ya hapo kama limeanza kutoka kusimama. Sasa treni inayokwenda kilomita 50 tu kwa saa hutembea karibu mita 14 kila sekunde. Katika sekunde hizo 11 itakuwa imekwisha kuja mita 150. Maana yake ni kwamba dereva wa lori asipoweza kuona reli kwa zaidi ya mita 150 kila upande, anavuka kwa kubahatisha hata kama ni mtu makini namna gani. Dereva wa treni naye hawezi kumsaidia, kwa sababu treni ya mizigo ikishafungwa breki huhitaji mamia ya mita kabla ya kusimama, wala haiwezi kukwepa kulia au kushoto.

Nimeieleza hesabu hii kwa sababu ya hali ya Isaka yetu. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Wakati huo waliovuka reli walikuwa watu wa miguu, ng’ombe na magari machache ya kuhesabika. Leo Isaka ni bandari kavu. Mizigo ya Rwanda na Burundi hushushwa hapa kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori, na chakula cha misaada cha nchi za Maziwa Makuu kimepitia hapa kwa miaka mingi. Barabara ya lami inayokwenda Kahama hadi Rusumo inabeba malori, mabasi na mizigo ya migodi. Juu ya hayo kuna bodaboda, mikokoteni ya ng’ombe, wakulima wa pamba na watoto wa shule. Shughuli zimekua mara nyingi, lakini vivuko vingi katika reli yetu ya zamani, hasa vile vya vijijini, vimebaki na bango tu. Pengine hata bango limeliwa na kutu au limefunikwa na majani. Masika yakija nyasi hupanda kuliko kichwa cha mtu, na mahali pengine vibanda vya biashara vimesogea mpaka karibu na tuta la reli, ingawa tunaambiwa kila siku kwamba hifadhi ya reli ni mita 15 mijini na mita 30 vijijini.

Hapa ndipo lawama inapotuhusu na sisi wananchi. Anayejenga kibanda ndani ya hifadhi ya reli haibi ardhi tu, bali anamziba macho dereva atakayepita pale kesho akiwa na abiria 60. Anayeng’oa bango la kivuko ili akauze chuma chakavu anauza roho za watu. Hatuwezi kuinyooshea kidole Serikali kwa mkono mmoja na kuhujumu kwa mkono mwingine.

Lakini na vyombo vyetu vinatakiwa kujiuliza. Kivuko kimoja kina wenyewe wengi. Reli ni ya TRC, barabara ni ya TANROADS au TARURA, magari yanasimamiwa na LATRA pamoja na askari wa usalama barabarani, na majani na vibanda viko katika eneo la halmashauri. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwananchi akiona bango limeanguka, aende kwa nani? Akienda huku ataambiwa ni kazi ya kule, na bango litabaki chini.

Wapo watakaosema kwamba tusihangaike na reli ya zamani kwa kuwa reli ya kisasa inakuja. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2024 abiria wanasafiri kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kipande cha Mwanza hadi Isaka chenye kilomita 341 kiliwekewa jiwe la msingi mwezi Juni 2021. Ni kweli pia kwamba reli hiyo imewekewa uzio, na barabara hupita juu au chini yake. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, reli ya zamani bado inabeba watu na mizigo, na vivuko vyake bado vinatumika. Tena reli mpya italeta hatari yake tukilala. Treni yake imekusudiwa kufikia kilomita 160 kwa saa, yaani zaidi ya mita 40 kwa sekunde. Mwanakijiji aliyezoea mwendo wa treni ya zamani, akikata uzio ili kufupisha njia ya kwenda shambani au kunywesha ng’ombe, hatapata nafasi ya kujifunza mara ya pili. Kwa hiyo njia za chini ziwekwe pale wananchi na mifugo wanapopita kweli, na wazee wa vijiji waulizwe mapema.

Nchi nyingine zimekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. India, yenye reli ndefu na watu wengi kuliko sisi, iliondoa vivuko vyote visivyo na walinzi katika njia zake pana ifikapo Januari 2019. Marekani, baada ya treni kugonga basi la shule katika jimbo la Utah mwaka 1938 na kuua wanafunzi zaidi ya 20, mabasi ya shule yalianza kutakiwa kusimama kwenye kivuko na kufungua mlango ili dereva asikilize na kutazama. Hatua hiyo ya pili haihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka nje.

Mapendekezo yangu ni haya. Kwanza, vivuko vyote vihesabiwe, kila kimoja kipewe namba, na bango lake liandikwe namba hiyo pamoja na simu ya kutoa taarifa kama kuna gari limekwama juu ya reli. Pili, kwa kila kivuko itajwe ofisi moja ya kuulizwa, hata kama kazi zenyewe zitagawanywa. Tatu, nyasi na vibanda viondolewe mpaka dereva aone mbali inavyotakiwa, na kazi ya kufyeka wapewe vijana wa kijiji husika kwa malipo. Nne, vivuko vyenye malori na mabasi mengi viwekewe kizuizi, taa na mlinzi wa usiku na mchana. Tano, kila basi la abiria lisimame kabla ya reli, na kondakta ashuke atazame pande zote mbili ndipo dereva avuke. Abiria nao wasimzomee dereva anayesimama, maana anawachelewesha dakika moja ili wafike.

Tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Msemo huo unafaa kumfariji mfiwa, lakini haufai kuwa sera ya usafirishaji. Kivuko hakihami, reli haihami, na ratiba ya treni inajulikana. Hatari ambayo mahali pake panajulikana namna hii ina kinga, na kinga yenyewe ni rahisi kuliko majeneza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msomaji,
Isaka, Shinyanga.