BEGA LA MFANYAKAZI LINA BEI GANI?

Ndugu wafanyakazi wa Garsen na Tana River nzima,

Agosti 2021 Serikali ya Kenya ilitoa amri: kila mtumishi wake awe amedungwa chanjo ya kwanza ya Korona kufikia tarehe 23, la sivyo ataadhibiwa. Watu walitii. Sisi hatupingi chanjo. Ndiyo iliyowakinga watoto wetu na surua na polio. Tunalopinga ni hili: mkono waamriwa kudungwa, kisha ukiumia mwenyewe huambiwa ni bahati yake.

Madaktari wanalijua jambo hili. Sindano ikidungwa juu mno begani huumiza kiungo. Maumivu huanza katika siku mbili, na mkono huweza kukataa kuinuka kwa miezi. Kosa si la dawa, ni la mahali ilipodungwa. Bega hilo halishiki jembe la mpunga, wala usukani, wala halimwinui mgonjwa kitandani.

Marekani ilianzisha mfuko wa fidia kwa sheria ya 1986, na mwaka 2017 jeraha la bega likaandikwa katika orodha yake. Mfuko wa COVAX wa 2021, uliokuwa kwa nchi 92, Kenya ikiwamo, uliangalia kifo na kilema cha kudumu tu. Je, aliyekaa mwaka mzima bila mkono kisha akapona, watoto wake walikula nini?

Mwajiri atasema: "Hii si ajali ya kazi." Twamjibu: ikiwa kukataa ni kosa la kazini, basi kukubali ni kazi!

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri apeleke habari ya ajali kwa Mkurugenzi katika siku 7. Madai yapelekwe kabla miezi 12 haijaisha. Anyamazaye hupitwa, na mwajiri hucheka.

Kwa hiyo, ndugu, chanjo nyingine ikija kwa amri ya kazi na bega likaumia: mwambie msimamizi siku ile ile, kwa maandishi. Tunza kadi ya chanjo. Chukua cheti cha daktari. Kisha njoo chamani. Mahakama ya kazi iko Malindi, zaidi ya kilomita 100. Nauli humshinda mtu mmoja, haikishindi chama.

Nasi twadai Bunge liandike wazi: aamuruye sindano na alipe jeraha lake.

Umoja ni nguvu.