Kabla ya Mashine, Maji

Maktaba yetu inataka kununua mashine ya kusafishia maikrofilamu za magazeti ya zamani, kazi ifanyike hapahapa chuoni. Naunga mkono. Muhula uliopita nilifunua gazeti la 1967, kona ikabaki vidoleni. Muda si mrefu filamu ndiyo itakuwa nakala pekee.

Ila ninachosikia kikijadiliwa ni kasi tu: ipi inatoa rola nyingi kwa saa. Jamani, swali ni kusuuza! Filamu ya poliesta yenye madini ya fedha inaweza kudumu miaka 500, lakini fiksa ikibaki ndani yake, picha hufifia. Na fiksa huondolewa kwa maji safi yanayotiririka, yenye joto lisiloyumba. Mabomba ya kampasi hii mnayajua. Hosteli tunaogea ndoo.

Inunuliwe ile ya polepole, yenye kidhibiti joto, ambayo vipuri vyake vinapatikana. Pesa itakayobaki iende kwenye tenki, pampu, vichujio na vifaa vya kupima mabaki ya dawa kwenye filamu. Na vipimo vifanyike mara kwa mara, siyo siku ya uzinduzi tu, mgeni rasmi akishaondoka basi.