KAZI BILA RUHUSA ITAWAPOTEZEA WATOTO WETU MASOMO



Hapa kwetu Kariokor, na Ziwani, na Starehe, kadi za harambee za kumpeleka kijana kusoma ng'ambo hazikosekani. Sisi sote twachanga. Mmoja hutoa mia tano, mwingine elfu, na fundi wa viatu vya akala pale sokoni hutoa alichopata siku ile. Ni jambo jema, wala hatuandiki ili kulivunja. Lakini katika mikutano hiyo husemwa neno moja, tena kwa sauti kubwa, nalo si kweli. Neno lenyewe ni hili: "Sisi tumlipie nauli na karo ya kwanza. Akifika huko atafanya kazi na kujilipia mwenyewe."

Kwa ajili ya neno hili mashamba yameuzwa, na wafanya kazi wamechukua mikopo ya SACCO ambayo huilipa miaka mingi kwa kukatwa mshahara. Basi imetupasa tuieleze sheria ilivyo, ili kila mtu achange akijua anachangia nini.

Tuanze na Marekani, maana ndiko wengi wanakotaka kwenda. Kijana akiingia kwa viza ya mwanafunzi iitwayo F-1, ruhusa aliyopewa ni ya kusoma. Kazi anayoweza kuifanya bila kuiomba Serikali ya huko ni ile iliyo ndani ya chuo chenyewe: maktaba, jikoni, maabara, ofisini. Nayo ina kipimo. Wakati wa masomo ni saa 20 kwa juma, wala si zaidi. Wakati wa likizo aweza kufanya saa nyingi zaidi. Kazi ya nje ya chuo, hata ikiwa ni kuosha vyombo hotelini, au kutunza wazee, au kubeba abiria kwa gari, imekatazwa mpaka apate ruhusa maalum.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina urafiki. Mshahara wa chini wa sheria ya Marekani nzima ni dola 7.25 kwa saa, nao haujapanda tangu mwaka 2009. Majimbo mengine hulipa zaidi, lakini tuchukue huo. Saa 20 ni dola 145 kwa juma, kabla ya kodi. Majuma 30 ya masomo ni dola 4,350. Karo ya mwanafunzi mgeni katika vyuo vikuu vingi vya majimbo hupita dola 20,000 kwa mwaka, bado chumba, chakula, vitabu na bima ya ugonjwa. Kazi ya chuoni yaweza kumnunulia chakula. Haiwezi kumlipia karo.

Kwa nje ya chuo iko milango mitatu iliyo halali.

Mlango wa kwanza ni mazoezi yaliyo sehemu ya masomo yenyewe. Kwa kawaida mwanafunzi lazima awe amemaliza mwaka mzima wa masomo, na kazi iwe ya fani anayosomea. Afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wageni huandika ruhusa hiyo katika hati yake ya I-20, akitaja mwajiri ni nani na kazi inaanza na kwisha lini. Ukihama kwa mwajiri mwingine, hati hiyo haikufai tena.

Mlango wa pili ni mazoezi ambayo wengi huyafanya baada ya kumaliza masomo. Haya ni miezi 12, tena katika fani yake. Waliosoma sayansi, uhandisi au hesabu waweza kuongezewa miezi 24, ikiwa mwajiri ametimiza masharti. Maombi huenda kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, nayo hutoa kadi. Kabla kadi haijafika na tarehe yake haijaanza, hakuna kazi. Na asiyepata kazi hawezi kukaa tu: siku 90 za kukaa bila kazi katika miezi ile 12 ndizo mwisho.

Mlango wa tatu ni wa dhiki, na huu ndio wazazi wengi hawajausikia. Mwanafunzi aliyekwisha soma mwaka mzima, kisha akapatwa na shida ya fedha isiyotazamiwa na isiyo kosa lake, aweza kuomba kufanya kazi nje ya chuo, saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Sheria yenyewe yataja mifano: msaada wa karo umekatika, thamani ya fedha ya kwao imeanguka, karo imepanda kupita kiasi, hali ya anayemlipia imebadilika ghafula, au gharama za hospitali. Ni lazima aonyeshe pia kwamba kazi ya ndani ya chuo haipatikani au haitoshi. Chuo humwandikia kwanza, kisha idara ya uhamiaji huamua.

Jambo hili latuhusu sana. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ilipita shilingi 160. Mzazi aliyekuwa akilipa dola 10,000 alitakiwa kutafuta kama shilingi 470,000 zaidi kwa karo ile ile. Baadaye katika mwaka ule shilingi ilirudi mpaka karibu 129, lakini wako wanafunzi waliokuwa wamekwisha ingia katika kazi za kificho, na huenda wangeweza kuomba ruhusa kwa sababu hiyo hiyo ya kuanguka kwa shilingi. Hawakuambiwa.

Lakini angalieni, ndugu. Dhiki hii lazima iwe haikutazamiwa. Kabla ya kupewa viza, kijana huonyesha kwa maandishi kwamba fedha ya kumsomesha ipo. Ikiwa shauri letu tangu siku ya harambee lilikuwa kwamba fedha haipo na atajitafutia huko, basi dhiki hiyo tuliijua. Tumemfungia mlango wa tatu kabla hajapanda ndege.

Nchi nyingine nazo zina vipimo vyake. Uingereza huruhusu wanafunzi wengi wa digrii saa 20 kwa juma wakati wa masomo, wala hawaruhusiwi kujifanyia biashara yao wenyewe. Kanada ilifungua saa zote kwa muda, kisha tangu Novemba 2024 ikaweka saa 24 kwa juma nje ya chuo. Australia tangu Julai 2023 huruhusu saa 48 kwa kila majuma mawili. Mnaona hakuna mbili zilizo sawa. Na kanuni hizi hubadilika mara kwa mara. Anayekushauri kwa yale ya mwaka aliosoma binamu yake aweza kukupoteza.

Wengine watasema: "Mbona kijana wa fulani alifanya kazi bila karatasi, na leo ana nyumba?" Hatukatai, wako waliopita. Lakini sisi watu wa reli twajua jambo hili. Treni ikipita ishara nyekundu isigongane na nyingine, haimaanishi njia ilikuwa wazi. Ina maana ilibahatika. Akikamatwa, mwanafunzi hupoteza haki yake ya kukaa. Masomo hukatika katikati, karo iliyolipwa haimfai, na viza nyingine ni taabu kuipata. Mkopo wa SACCO, lakini, haukatiki.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi kama chama cha wafanya kazi. Mwajiri akijua kwamba mtu hana ruhusa, ameshika kamba shingoni mwake. Humlipa pungufu, humnyima malipo ya saa za ziada, na akiumia mkono humwambia aende zake. Mtu huyo atamshtaki kwa nani? Mwaka 2002 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kesi ya kiwanda cha Hoffman Plastic Compounds cha California. Mfanya kazi mmoja aliondolewa kwa sababu alisaidia kuunda chama. Bodi ya kazi iliona kosa ni la kiwanda, ikaamuru alipwe mishahara aliyokoseshwa. Mahakama ikasema hawezi kulipwa, maana hakuwa na ruhusa ya kufanya kazi. Majaji watano walikuwa upande huo, wanne wakapinga. Basi kiwanda kilivunja sheria ya vyama, na mfanya kazi ndiye aliyekosa fedha.

Mwajiri akipata watu wa namna hii, huwatumia kushusha mishahara ya wote. Mwenyeji aliye na chama huambiwa: "Ukikataa, yuko atakayekubali." Sisi tulio na vibarua kando yetu kila siku twayajua maneno hayo.

Lakini mwenye ruhusa ana nguvu. Mwaka 2016 bodi hiyo hiyo ya kazi iliamua, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Columbia, kwamba wanafunzi wanaofundisha na kufanya utafiti kwa mshahara ni wafanya kazi, nao waweza kuunda chama. Mwanafunzi wetu mwenye kazi hiyo aweza kuingia chamani pamoja na wenyeji. Na aingie.

Wala jambo la kusomesha vijana ng'ambo si geni kwa vyama vya wafanya kazi wa Kenya. Tom Mboya alipokuwa Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour ndiye aliyetafuta njia. Septemba 1959 ndege ya kwanza ilitoka Nairobi na wanafunzi 81. Kufika mwaka 1963 walikuwa karibu 800 kutoka Afrika Mashariki. Wamarekani kama Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier walisaidia kutafuta nauli, na mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Nyumbani wazee walichanga kama tunavyochanga leo. Fedha haikutosha hata wakati ule, na wengi walifanya kazi za likizo. Tofauti ni kwamba nyuma yao palikuwa na chama cha kuwaandikia barua, kuwatafutia nafasi na kuwajibu wakiwa na shida. Leo nyuma ya vijana wetu yuko wakala mwenye ofisi ya chumba kimoja mjini, na akishapokea ada yake hapokei simu.

Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret kwa ajili ya fedha za mpango wa masomo ya Finland na Kanada zilizopitia kwenye kaunti. Wanafunzi waliokwisha fika Finland wakawa katika hatari ya kurudishwa, kwa kuwa karo haikulipwa. Funzo ni hili: fedha ya karo ilipwe chuoni moja kwa moja, na risiti iwe ya chuo.

Basi chama kisimame wapi? Twatoa mashauri haya.

Moja. Kabla ya harambee, kamati isome hati ya chuo na kupiga hesabu ya miaka yote ya masomo, si mwaka wa kwanza tu. Ikiwa hesabu haikubali, kijana atafutiwe chuo cha bei nafuu zaidi, au aanze hapa hapa nchini.

Mbili. Tusimsukume mtoto atume fedha nyumbani. Simu ya kila juma ya kuomba fedha ya paa ndiyo inayomtoa maktaba na kumwingiza katika kazi ya kificho.

Tatu. Mwanachama akiachishwa kazi, au mshahara wake ukicheleweshwa, na mtoto wake yuko ng'ambo, tawi limwandikie barua ya kuthibitisha. Barua hiyo, pamoja na hati za benki, yaweza kumsaidia mtoto kuomba kwa mlango wa dhiki. Kazi hii matawi yetu yaiweza leo bila kungojea mtu.

Nne. Serikali yetu na mabalozi wake wazungumze na nchi hizi, ili mwanafunzi aliyekwisha lipa karo na anayefaulu masomo aruhusiwe kufanya kazi ya haki kwa mshahara wa haki. Twaona kanuni hizi zina ukali usiofaa. Karo ya mgeni hupokewa bila kikomo, lakini jasho lake hupimwa kwa saa. Kanuni mbaya tuiseme waziwazi na kutaka ibadilishwe. Tusimtume mtoto mmoja aivunje peke yake, gizani, mbali na kwao.

Tano. Tutazame na hapa kwetu. Vyuo vya Nairobi vina wanafunzi kutoka Sudan Kusini, Kongo, Somalia, Rwanda na kwingineko. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 nayo yamkataza mgeni kufanya kazi bila kibali. Wako waajiri wa hapa wanaowatumia vijana hao kwa malipo ya aibu, kwa kuwa wajua hawatakwenda kushtaki. Tukinyamaza juu ya hao, hatuna uso wa kulalamika juu ya Texas au London. Mfanya kazi aliyepunjwa ni mwenzetu, awe ametoka Juba au Murang'a.

Ndugu, kadi ya harambee itakapokufikia tena, changa. Lakini kabla hujaweka jina lako, uliza maswali matatu. Karo ya mwaka wa pili itatoka wapi? Nani amesoma kanuni za kazi za nchi ile mwaka huu? Fedha italipwa kwa nani? Wenye harambee wakijibu vizuri, ongeza. Wakikasirika, ujue mtoto huyo anapelekwa bila mpango, na umwonee huruma kwa kuwaambia kweli.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI