Dawa Zetu, Lugha za Wengine

Wahadhiri wetu wanapenda kutuambia kwamba siku hizi maarifa yote yako mtandaoni, na ukikosa jambo ujue hukutafuta. Kuhusu dawa za asili ninaikataa kauli hiyo. Nimetafuta.

Shangazi yangu anaishi hapa Kiyovu na ana kisukari. Mwaka jana alianza kutumiwa kwenye simu matangazo ya unga wa majani, kwa Kiswahili fasaha na sauti ya upole: unga unasafisha damu, unatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Muuzaji alimwambia aache vidonge vya hospitali mwezi mzima ili unga ufanye kazi. Akaacha. Wiki ya tatu tulimkimbiza hospitali usiku, sukari imepanda, macho hayaoni vizuri. Alipopata nafuu alinipa mfuko uliobaki akasema, "Wewe si ndiye msomi wetu? Niangalizie hiki ni nini."

Kwa uchungu wake yeye alihisi ni umubirizi, mmea ambao mama yake aliuotesha nyuma ya nyumba. Nikatafuta "umubirizi na kisukari". Nikapata wauzaji. Nikajaribu kwa Kiswahili, nikapata wauzaji wengine, wenye maneno matamu zaidi. Nilitoka gizani pale tu rafiki yangu anayesoma biolojia aliponiandikia kwenye karatasi jina la Kilatini, Vernonia amygdalina. Hapo zilikuja makala nyingi kuliko ninavyoweza kusoma: majaribio ya maabara yanayoonyesha kwamba majani yake hushusha sukari kwa panya, tahadhari kwamba ushahidi kwa binadamu bado ni mdogo, na onyo kwamba anayeyachanganya na dawa za kisukari anaweza kushushwa sukari kupita kiasi. Hata hapo kuna mtego. Wataalamu wengi sasa wanauita mmea huohuo Gymnanthemum amygdalinum, kwa hiyo unatafuta mara mbili. Umuravumba nao leo ni Tetradenia riparia, lakini maandishi ya zamani yanauita Iboza riparia. Luc Van Puyvelde na wenzake waliuchunguza Butare, na mwaka 1986 wakachapisha makala kuhusu kemikali yake inayoua vijidudu. Butare! Mwendo wa saa chache kwa basi kutoka nyumbani kwetu, lakini mwenye kujua jina "umuravumba" peke yake haifikii makala hiyo kwa urahisi.

Hazina kubwa niliyoipata inaitwa Prelude. Imewekwa na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na inaeleza mimea ya dawa ya Afrika, sehemu inayotumika, namna ya kutayarisha, hata majina ya kienyeji. Ni bure. Maelezo ni ya Kifaransa na Kiingereza. Wapo watakaokasirika kwamba maarifa ya bibi zetu yametunzwa na waliotutawala. Mimi sina ugomvi na Tervuren, maana wao wameyaweka wazi. Ugomvi wangu ni na sisi.

Tunasema Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. Muuzaji wa unga hakupata shida hiyo: ini, figo, sumu, kinga, kongosho, yote anayo. Yeye anayatumia kudanganya, sisi tunayaogopa.

Hoja nzito zaidi ni ile ya wizi. Tukiandika dawa zetu hadharani, wanasema, kampuni za nje zitazichukua. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana mwaka 2010 kukawa na Itifaki ya Nagoya, ili jamii zenye rasilimali na maarifa zigawiwe faida. Lakini tazama umubirizi. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, Tanzania, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa huko aliyeijua mimea, walimwona sokwe mgonjwa aitwaye Chausiku akitafuna shina la mmea huo na kumeza maji yake machungu. Makala yao ilitoka mwaka 1989, kwa Kiingereza. Aliyeutambua mmea ni Kalunde, aliyejifunza dawa kwa wazee wake. Dunia nzima imeshaisoma. Siri hiyo sasa inafichwa dhidi ya nani, kama si shangazi yangu?

Na lugha si pambo tu. Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria aliyoitoa katika artemisia. Kidokezo alikipata katika kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, kilichosema mmea ulowekwe katika maji na kukamuliwa, hakikusema uchemshwe. Akaacha kutumia joto kali, dawa ikabaki hai. Sentensi moja ya matayarisho, na aliisoma kwa lugha yake.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda. Sisi tunaokisomea tunamaliza shahada kwa tasnifu nyingine tena juu ya dhima ya methali. (Ya kwangu pia ilikuwa njiani kuwa hivyo.) Kila mmoja wetu akichukua mmea mmoja, akaketi na mzee anayeujua na mwalimu wa biolojia, akaandika kurasa nne zenye majina yote, kipimo kama kinajulikana, na hatari zake, wahitimu wa mwaka mmoja wangetosha kuanzisha kitu. Idara isiikatae kazi hiyo kwa kusema si ya lugha.

Nilimsomea Shangazi nilichopata, nikitafsiri papo hapo, nikikwama. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba nimwachie karatasi hizo azisome mwenyewe taratibu, na awasomee wenzake wa kliniki.

Zilikuwa za Kiingereza.